Kofia ya Milimita 3: Wiki ya Masika Msituni Amani

Jumatatu, Tanga hadi Amani

Mvua ilitupokea Muheza ikatusindikiza hadi mlimani. Abiria wengine walikuwa na haki ya kulalamika. Kutoka Muheza hadi Amani ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, na masika barabara ile inateleza mpaka kondakta anashuka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Sisi wawili, mimi na dada mmoja mtaalamu wa maabara kutoka Dar es Salaam, tuliiombea izidi. Tulikuwa tunafuata uyoga wa jenasi ya Marasmius, ule mdogo sana unaoota juu ya majani makavu na vijiti vilivyooza. Jua likiwaka siku mbili mfululizo hujikunja ukapotea machoni.

Geti la Sigi, penye jengo la zamani la kituo cha reli ya Wajerumani, tulionyesha vibali, tukaandikishwa, safari ikaendelea. Tumefika juu wakati wa magharibi, nguo zimelowa, hadubini iko salama.

Amani si mahali pageni kwa watu wa uyoga. Wajerumani walifungua hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902, na ilipofika 1906 Mjerumani Eichelbaum alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya uyoga wa milima hii ya Usambara Mashariki. Mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya Kew, Uingereza, akatoa kazi kubwa kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki wenye matamvua, yaani vile vibamba vyembamba vilivyo chini ya kofia. Mpaka leo ndiyo ya kwanza kufunguliwa mtu akitaka kulinganisha. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachapisha kitabu cha uyoga wa Tanzania. Kazi zote hizo, na bado ukiinamia majani ya msitu huu unakutana na viyoga visivyofanana na ukurasa wowote. Duniani kuvu waliokwisha kupewa majina ni spishi kama 155,000. Makadirio ya wataalamu wa kuvu Hawksworth na Lücking ya mwaka 2017 yanasema waliopo ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Wengi wa hao wasio na jina wako nchi za joto kama yetu, na wengi ni wadogo kiasi cha kukanyagwa bila kuonekana.

Jumanne, njia ya Mbomole

Kiongozi wetu ni mzee wa Kisambaa, mzaliwa wa kijiji kinachopakana na hifadhi. Baada ya shikamoo na chai aliangalia viboksi vyetu vyenye vyumba vidogo vidogo, akauliza:

"Mwanangu, uyoga ninaoujua mimi unaingia chunguni. Huo wenu unaliwa?"

"Hauliwi, mzee. Ndiyo maana hakuna aliyeuangalia sana."

"Basi twende taratibu. Kitu kisicholiwa hakina haraka."

Tulikwenda taratibu kweli. Kutafuta Marasmius ni kazi ya magoti. Unachagua mahali penye majani mazito, unapiga magoti, unafunua jani moja baada ya jingine, unalitazama juu na chini. Mtu akipita amesimama ataona uyoga mkubwa tu, ule ambao wenzake walikwisha kuuona miaka 100 iliyopita.

Leo tulichokiona kwa wingi ni nyuzi. Nyuzi nyeusi, ngumu, zinazong'aa, zimetambaa kutoka kijiti hadi kijiti usawa wa kifua na juu zaidi. Mgeni anaweza kuapa ni nywele za mkia wa farasi zilizonasa. Ni mwili wa uyoga wenyewe: Marasmius kadhaa hutoa nyuzi hizi ili kutoka jani moja kwenda jingine bila kugusa ardhi. Majani yanayodondoka kutoka juu hunaswa humo yakaoza yakiwa hewani. Kuna spishi moja, Marasmius crinis-equi, iliyoelezwa mwaka 1880, ambayo katika nchi zinazolima chai inahesabiwa kuwa ugonjwa wa mchai, kwa sababu nyuzi zake huzonga matawi. Mzee alituonyesha kiota kitupu cha ndege kilichofumwa karibu chote kwa nyuzi hizo. Alisema ndege huzipenda kwa sababu hazilowi upesi. Nimekishika: kilikuwa chepesi, na mvua yote ile ndani kulikuwa kukavu.

Tumerudi na spishi chache zinazojulikana. Hakuna la kutia shaka.

Jumatano, bondeni chini ya msambu

Hii ndiyo siku ya kuandikwa kwa urefu.

Asubuhi mvua ilikatika, ukungu ukabaki. Tulishuka bondeni mahali penye miti mikubwa ya asili, mbali na ile miti ya kigeni iliyopandwa enzi za taasisi ikasambaa. Dada ndiye aliyeona kwanza. Aliniita kwa mkono, bila sauti, nikajua amepata kitu. Juu ya mshipa mkuu wa jani kavu, gumu kama ngozi, upande wa chini, palikuwa na viyoga vitano vimejipanga mstari.

Nilichukua kioo cha kukuzia mara 10 na rula, dada akashika daftari. Hapa ndipo kazi ya kueleza spishi inapoanza, na kwa maoni yangu ndipo inapofaulu au kuharibika. Watu wengi wanadhani uyoga mpya unagunduliwa maabara, kwenye mashine ya vinasaba. Mashine inakuja baadaye. Kuna mambo ambayo uyoga unayasema kwa saa moja tu baada ya kuutoa mahali pake: rangi, unyevu, namna kofia ilivyokaa, harufu. Ukikauka hayarudi, na hakuna kipimo cha vinasaba kitakachokuambia ulikuwa na rangi gani.

Tukaandika. Kofia: upana milimita 3 kwa uliokomaa, mdogo wao milimita 1.5. Katikati imezama, na ndani ya shimo hilo kuna kinundu kidogo cheusi. Rangi ni ya kutu, iliyokolea juu ya mikunjo na kufifia mabondeni kati ya mikunjo. Matamvua ni 7. Mwenzake ana 8. Hakuna tamvua fupi lililopachikwa katikati ya marefu. Yote yameanzia kwenye pete ndogo inayozunguka shina bila kuligusa, mfano wa njiti za baiskeli zinavyotoka kwenye habu. Pete hiyo ni alama muhimu, inaonekana pia kwa Marasmius rotula, spishi inayowakilisha jenasi nzima. Shina: urefu milimita 22, unene haufiki robo ya milimita, jeusi linalong'aa chini, kahawia karibu na kofia, na linatoka ndani ya jani moja kwa moja bila nyuzi wala ukungu kwenye kitako. Harufu: hakuna. Ladha hatukuonja, ulikuwa mdogo mno na tulitaka kuutunza wote.

Rangi tulilinganisha na kitabu cha rangi, tukaandika namba ya kisanduku. Neno "kutu" pekee halitoshi, kutu ya mtu wa Tanga si ya mtu wa Oslo. Nilipolinganisha tena mchana, kofia zilikuwa zimepauka kufikia rangi ya nyasi kavu.

Swali la pili lilikuwa la jani. Marasmius wengine hawachagui, wengine wana mti wao. Mimi jani bichi ningelitambua, hilo kavu lililoliwa nusu sikuwa na uhakika nalo. Mzee alilipokea, akalikunja, akatazama mishipa.

"Msambu."

"Una hakika, mzee?"

"Nimeokota matunda yake tangu mtoto. Tunda lake zito, likikudondokea utalala chini. Na majani yake ndiyo haya, hayaozi upesi."

Msambu ni Allanblackia stuhlmannii, mti wa milima ya Tanzania, na watu wa huku wanauza mbegu zake kwa ajili ya mafuta. Mzee alitupeleka kwenye misambu mingine mitatu aliyoijua. Chini ya miwili tulipata kiyoga kilekile, kwenye mshipa, upande wa chini. Chini ya miti ya aina nyingine iliyosimama katikati yake tulifunua majani mpaka mgongo ukauma, hatukukiona. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu, na jina la mzee litakuwa kwenye lebo ya mkusanyo kwa idhini yake. Bila yeye tungeandika "juu ya jani kavu" na kuishia hapo.

Kila jani tulilikata pande zote likabaki na kiyoga chake, likaingia chumba chake ndani ya kiboksi na kipande cha tishu yenye unyevu. Mfuko wa plastiki ni adui: ndani ya nusu saa shina limekatika na kofia imegeuka tope.

Usiku kabla ya kulala nimelaza kofia moja juu ya kipande cha kioo cha hadubini, matamvua chini, nikaifunika na kifuniko cha chupa. Kwa uyoga wa kawaida ungetumia karatasi, lakini spora, zile chembe za kuzalia, za kofia ndogo namna hii kwenye karatasi zinapotea.

Alhamisi, mezani

Mvua kubwa tangu alfajiri. Hatukutoka, na hatukuwa na sababu ya kutoka.

Juu ya kioo kulikuwa na vumbi jeupe, hafifu, limechora mistari 7. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Spora zilizoanguka zenyewe ndizo zilizokomaa. Ukikwangua tamvua unapata changa na kubwa zimechanganyika, na vipimo vyako vinadanganya.

Kanuni ni kupima spora 30 au zaidi, kisha kutoa wastani. Tulipokezana, mmoja akipima, mmoja akiandika. Zilikuwa na urefu wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 9 hadi 11 na upana wa 3.5 hadi 4.5, nyembamba upande mmoja, laini, zisizo na rangi. Kisha tone la kitendanishi cha Melzer, mchanganyiko wenye ayodini ambao dada aliuandaa kabla ya kutoka Dar. Spora hazikubadilika. Nyuzi za ndani ya shina zikageuka wekundu wa kahawia mbele ya macho yetu. Hivyo ndivyo Marasmius wengi wanavyofanya, kwa hiyo jenasi sasa haina ubishi.

Lililotuweka mezani hadi jioni ni ngozi ya kofia. Ukikata kipande chembamba kwa wembe mpya na kukilowesha kwenye potasiamu hidroksidi, unaona seli za juu kabisa. Katika jenasi hii seli hizo ndizo kitambulisho. Kuna kundi ambalo seli zake zimejaa vinundu vifupi kila upande, na kundi ambalo zina vidole virefu vilivyosimama juu tu. Za kwetu zina vinundu vifupi, zimebanana, ukuta wa rangi ya kahawia. Sawa na kundi la Marasmius rotula. Lakini wale wa kundi hilo niliowalinganisha hapa mezani, aliye na kofia ndogo hivi ana spora fupi zaidi. Mwenye spora ndefu ana matamvua mengi zaidi. Na mwenye matamvua machache ana nyuzi nyeusi zinazotambaa, ambazo wa kwetu hana.

Dada aliniuliza kama tunaweza kusema ni mpya. Nilimjibu kwamba tunaweza kusema hatujaupata mahali popote tulipotazama, na kwamba hizo ni kauli mbili tofauti. Uyoga unaweza kuwa ulielezwa Sri Lanka mwaka 1870 kwa mistari minne ya Kilatini, na mistari hiyo minne ina haki ya kwanza. Anayetoa jina bila kuisoma anawaachia wengine kazi ya kufuta.

Kikaushio kimewashwa usiku, nyuzi joto 40. Joto likizidi sana vinasaba vinaharibika. Kofia mbili zimewekwa pembeni ndani ya vichupa vyenye chembe za silika zinazonyonya unyevu, kwa ajili ya kipimo cha ITS, kipande cha vinasaba kilichokubaliwa mwaka 2012 kuwa msimbo wa kutambulisha kuvu.

Ijumaa

Jua. Tulirudi bondeni baada ya swala ya mchana, mzee alipotoka msikitini. Majani makavu, viyoga vimejikunja vimekuwa vidoti vyeusi. Nilibandua jani moja nikalidondoshea maji ya chupa, tukasubiri tukizungumza mambo ya bei ya iliki. Kofia zilifunguka tena moja baada ya nyingine, mikunjo yote mahali pake, rangi ikiwa nusu ya ile ya Jumatano. Elias Fries wa Uswidi, aliyeianzisha jenasi hii katika miaka ya 1830, aliitenga na nyingine kwa tabia hiyohiyo ya kukauka bila kuoza na kufufuka ikipata maji. Mzee aliomba kulirudia jaribio hilo mwenyewe na jani jingine.

Jumamosi, barazani

Siku ya kuandika na kubishana kwa heri.

Dada anaona mambo ya kutoa jina yana urasimu mwingi. Mimi nauona urasimu huo kuwa ulinzi. Ili jina la kuvu likubalike, lazima liwe na maelezo yaliyochapishwa kwa Kilatini au Kiingereza. Hadi mwisho wa mwaka 2011 kilikuwa Kilatini peke yake. Tangu 2013 lazima pia lisajiliwe kwenye hifadhidata inayotambuliwa na kupewa namba. Na lazima kuwe na kielelezo kimoja, mkusanyo halisi uliokaushwa, uliowekwa mahali panapotajwa, ili yeyote mwenye shaka aende akautazame. Maelezo ya Kiswahili hayatoshi kisheria, lakini hakuna kinachokataza kuyachapisha pamoja, na hilo mimi nimeliazimia. Watu wa Amani wasome habari za msambu wao.

Kielelezo kikae wapi? Hapo hatukubishana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia nyumba ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea, pamoja na mimea mingi iliyochumwa Tanganyika kwa jasho la watu ambao hawakuandikwa. Mkusanyo ugawanywe, na ule mkuu ubaki Dar es Salaam.

Nilimsimulia habari ya Phallus drewesii wa kisiwa cha São Tomé, ulioelezwa mwaka 2009 na Dennis Desjardin na Brian Perry. Unasimama kama sentimita 5, unaota juu ya mti uliooza na kuinamisha kichwa chini, na kwa jenasi yake ni mdogo sana. Ulipewa jina la Robert Drewes, mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza misafara ya kisiwani. Maelezo yake ni kurasa chache tu. Mwaka uliofuata Desjardin na wenzake wakaeleza Mycena luxaeterna wa msitu wa Atlantiki wa Brazili, wenye kofia isiyofika sentimita 1 na shina linalotoa mwanga usiku. Kazi hizo mbili zinanipa moyo kwa sababu moja: ukizisoma unaona uyoga wenyewe. Rangi zimeandikwa ukiwa mbichi, vipimo vimechukuliwa ukiwa mbichi, mtu aliyekuwapo msituni ndiye aliyeshika kalamu. Misitu yetu imejaa watu wanaoweza kushika kalamu hiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni hadubini, nauli na wiki ya masika.

Jumapili, kushuka

Mkusanyo umekauka. Kila pakiti ina jani lake, picha, vipimo vya siku ile, urefu kutoka usawa wa bahari, jina la mti na jina la aliyeutambua. Pakiti mbili ni za Dar es Salaam, moja ya kupelekwa nje kwa kulinganishwa na vielelezo vya Pegler vilivyoko Kew. Vichupa vya vinasaba anavyo dada mkobani.

Mzee ameachiwa rula, kioo cha kukuzia na daftari. Ameahidi kupita chini ya misambu kila mvua ikikatika, na kutazama pia majani ya miti ya jirani upande wa Kwamkoro, ambako hatukufika. Nimemwomba aandike hata siku ambazo hakuona kitu. Kwenye pakiti, mahali pa jina la jenasi pameandikwa Marasmius. Mahali pa jina la spishi pana kistari. Kikwazo cha kwanza cha kukiondoa ni maelezo ya zamani ya Sri Lanka, na hayo naanza nayo kesho.